Taa za Nikola Wawili

Kwa miaka thelathini na mitatu Toza Prekajski alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna aliyeweza kuutikisa. Haukuhusu siasa, wala ndoa, wala hata baiskeli, ingawa baiskeli ndizo zilizomlisha. Ulihusu taa. Taa za Krismasi, alisema Toza, haziwashwi kabla ya tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola. Anayewasha kabla ya hapo ni mlafi, na mlafi wa nuru hana tofauti na mlafi wa nyama.

Tatizo ni kwamba mji wa Donja Bara ulikuwa na Nikola wawili. Mtakatifu mwenyewe alikuwa mmoja, mzee yule yule mwenye ndevu, lakini Wahungari wa kanisa la Katoliki, upande wa juu wa barabara kuu, walimsherehekea tarehe sita. Waserbia wa kanisa la Kiorthodoksi, upande wa chini, walifuata kalenda ya kale na kumngoja siku kumi na tatu zaidi. Krismasi nayo vivyo hivyo: huku Desemba ishirini na tano, kule Januari saba. Kati ya makanisa hayo mawili zilisimama nguzo kumi na nne, na juu ya nguzo hizo, kila majira ya baridi, waya mmoja wenye balbu mia mbili na kumi na mbili.

Kwa juu, waya ulianzia dirishani kwa kinyozi Pišta Bognar. Kwa chini, uliishia ukutani kwa Toza, fundi baiskeli. Waliutengeneza wenyewe mwaka 1986, zama ambazo kamati ya chama cha kikomunisti haikutaka kulisikia neno Krismasi. Wakaandika kwenye barua ya maombi "taa za Mwaka Mpya", kamati ikagonga muhuri, na kila mtu mjini akaelewa, pamoja na kamati. Balbu nyekundu zilipakwa rangi ya kucha ya Terka, mke wa Pišta. Za kijani na za buluu zilipakwa rangi ya baiskeli. Karakana ya Toza ilinukia rangi ya kucha mpaka Februari, na wateja wakawa wanamwangalia vidole.

Kuhusu tarehe, walibishana kilabuni siku tatu, wakatoka na mkataba ambao mataifa makubwa yangefanya vyema kuuiga. Pišta atatundika na kuwasha siku ya Nikola wake. Toza atazima na kushusha tarehe ishirini na moja Januari, sikukuu za watu wake zikishakwisha. Hakuna atakayeigusa kazi ya mwenzake.

Na kwa kuwa amani ikizidi huchosha, waliacha mlango wa matusi wazi. Kila Januari Toza alikichomoa kile kichwa cha plagi dirishani kwa Pišta, akashuka nguzo kwa nguzo akiviringisha waya kwenye gurudumu la mbao, mpaka nyumbani kwake. Balbu alizipanga kwenye trei za mayai. Kesho yake alipeleka kila kitu kwa Pišta kwa toroli, na ndani ya trei ya juu aliacha kichupa cha rakija, pombe kali ya plamu, na karatasi ya matusi. Desemba ikifika, Pišta alijibu: chupa ya mvinyo ikining'inia kwenye msumari ukutani kwa Toza, na karatasi yake.

"Mnawasha taa kabla Mariamu hajampanda punda," aliandika Toza.

"Na ninyi mnaziacha mpaka kuku wanatagia humo," alijibu Pišta.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mwaka tisini na tatu, vita na vikwazo vilipoufanya umeme kuwa hadithi, taa zilitundikwa tarehe sita kama kawaida. Hazikuwaka hata siku moja. Watu walipita chini yake jioni, gizani, wakiinua nyuso kana kwamba zinawaka, na mtoto mmoja alimwambia mama yake kwamba anaipenda ile nyekundu. Toza alizishusha Januari kwa uangalifu ule ule, balbu moja moja. Alipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda chake cha kazi akalia kidogo, halafu akaandika tusi refu kuliko yote.

Mwezi Juni mwaka huu Pišta alifariki, wembe mkononi, mteja akiwa na povu shavu moja. Mteja alikuwa Toza. Alikwenda nyumbani hivyo hivyo, nusu amenyolewa, na hakuimaliza ile nusu nyingine mpaka baada ya mazishi.

*

Katikati ya Novemba, Tijana kutoka ofisi ya manispaa aliingia karakanani akiwa na koti jekundu na tabasamu la kazini. Toza alikuwa amemtengenezea baiskeli yake ya kwanza, ya magurudumu matatu.

"Babu Toza, nimekuja kuhusu zile taa."

"Zimelala. Usiziamshe."

"Miji yote imeshawasha. Kikinda wamewasha tangu tarehe mosi."

"Tarehe mosi Novemba watu wanawasha mishumaa makaburini, binti. Labda walichanganya."

Tijana hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Akaeleza. Meya amepata taa mpya, nyeupe, za kumetameta, zenye vipande vya theluji vya plastiki. Alitaka zitundikwe wiki hii. Yeye Tijana ndiye aliyemsihi angoje. "Nimemwambia taa za barabara kuu huwashwa Desemba sita, ni mila yetu. Akasema sawa. Zile za zamani zikiwaka jioni ya tarehe sita, zibaki. Zisipowaka, tarehe saba lori linakuja na mpya, na ule waya wenu unakwenda kwenye vyuma chakavu."

"Tarehe sita," alisema Toza polepole, kama mtu anayetaja jina la mdai.

"Tarehe sita, babu. Nani atazitundika?"

Toza alizungusha gurudumu lililokuwa mbele yake, akalisikiliza likilia. Kazi ya kutundika haikuwa yake. Tarehe haikuwa yake. Na tarehe sita angekuwa ndani ya mfungo wa Krismasi, bila nyama, bila maziwa, bila mambo ya kumetameta. Mtu aliyepigania jambo miaka thelathini na mitatu hawezi kuamka asubuhi moja akapanda ngazi kulipinga, mbele ya kilabu kizima.

"Sijui," alisema. "Mimi ni mshushaji."

*

Jioni ile alikwenda kwa Terka. Alijiambia anakwenda kumjulia hali tu.

Terka alifungua akiwa na nguo nyeusi toka kitambaa cha kichwani hadi soksi. Redio ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kioo cha kinyozi kilikuwa kimegeuzwa ukutani. Dirisha la mbele, lile lenye soketi, lilikuwa na pazia zito.

"Karibu, shemeji. Umekonda."

"Ni mfungo."

"Mfungo haujaanza, mwongo wewe. Unaanza tarehe ishirini na nane." Alimwekea kahawa. "Umefuata taa."

Toza alieleza habari za meya na lori. Terka alisikiliza huku akipangusa meza isiyokuwa na vumbi.

"Mimi siwezi," alisema mwishowe. "Nyumba yenye msiba haipambi mpaka mwaka uishe. Hata tawi la msonobari sitaweka. Mama yangu alikaa hivyo kwa baba yangu, na mimi nitakaa hivyo kwa Pišta. Lakini vitu viko pale nyuma. Chukua."

Gurudumu la mbao na trei za mayai zilikuwa zimekaa pale Toza alipoziacha Januari, hakuna aliyezigusa. Alizipakia kwenye toroli. Alipofika karakanani alifunua trei ya juu, na mle ndani akakuta kichupa cha rakija na karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Pišta," ilisema, "nasikia magoti yako yanalia kuliko mlango wa kanisa lenu. Mwaka huu ukishindwa kupanda, sema tu, nitapanda mimi, hata kwa tarehe yenu ya walafi."

Toza aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa. Kisha akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akainywa ile rakija, kwa sababu haikuwa na mtu mwingine wa kuinywa.

*

Asubuhi ya Desemba sita alitoka na ngazi kabla kilabu hakijafunguliwa. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Upepo wa košava ulikuwa haujaamua kama utakuja.

Sasa, ikumbukwe kwamba miguu ya Toza iliijua barabara ile kwa njia moja tu. Miaka thelathini na mitatu, akiwa na waya mkononi, alianzia kwa Pišta akaishia kwake. Basi akapanda hadi dirishani kwa Bognar, akaweka gurudumu chini, akashika ncha ya waya iliyokuwa juu, akaifunga kwenye ndoano ya kwanza, akaanza kushuka. Haikumjia hata kidogo kwamba kitu kilichoviringishwa hufunguka kinyume. Alikuwa na mambo mengine ya kufikiria, kwa mfano kutokufa.

Pazia la Terka lilisogea kidogo. Likarudi.

Nguzo ya kwanza. Ya pili. Kushusha balbu ni kuzungusha kushoto, na vidole vyake viliendelea kuzungusha kushoto, na balbu zikakataa kuingia, mpaka alipovikaripia kwa sauti. Kufika nguzo ya tatu wanywaji wa kwanza walishatoka na vikombe vyao nje ya kilabu.

"Mzee Toza! Leo tarehe ngapi?"

"Sita," alijibu kutoka juu.

"Sita ya nani?"

"Ya Pišta."

"Ameritadi!" alipaza sauti mmoja. "Leteni padri!"

"Yupi?" aliuliza mwingine, na wote wakacheka. Toza pia alitaka kucheka, ila ngazi haikumruhusu.

Kwenye nguzo ya tano fundo lilifunguka, na urefu mzima wa waya ukaanguka begani kwake kama mkono wa mtu. Alikuwa bado amelishikilia jambo hilo moyoni aliposikia sauti chini.

"Fundo hilo halitafika Krismasi yetu, sembuse yenu."

Terka alikuwa amesimama na nguo zake nyeusi, mikononi ameshika chungu kilichofunikwa kitambaa.

"Pitisha mara mbili," alisema. "Halafu urudishe chini ya kwanza. Košava inatoka kule, inavuta kwa kule. Si hapo, shemeji! Kwenye kile kimsumari kilichopinda. Nilikipinda kwa ajili hiyo."

Toza alipitisha mara mbili. Kisha akatazama chini.

"Ulikipinda?"

"Unafikiri nani alikuwa akipanda?"

"Pišta."

"Pišta alikuwa akipata kizunguzungu kwenye kiti chake cha kunyolea, akikiinua sana." Alikiweka chungu juu ya ukuta. "Nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri, na suruali yake na kofia yake. Yeye alinishikia ngazi amefumba macho, akisali kwa Kihungari. Saa moja ilipofika nilikuwa jikoni, na yeye yuko mlangoni anapokea pongezi."

Toza alikaa kwenye ngazi, kwenye kidato cha nne. Kila tarehe sita alikuwa akifunga mbao za madirisha yake tangu asubuhi, makusudi, asije akaonekana kushiriki dhambi. Miaka thelathini na mitatu ya madirisha yaliyofungwa.

"Kwa hiyo nilipomwandikia kwamba anafunga mafundo kama bikizee..."

"Uliniandikia mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne."

"Na majibu?"

"Majibu mengi nilikuwa namtajia, yeye anaandika. Ulipotutukana mwaka tisini na tatu, ile ndefu, tuliisoma mara tatu kwa mshumaa. Pišta aliiweka ndani ya kitabu cha sala."

"Na ya kuku? Kwamba kuku wanatagia?"

Terka alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Juni, au pengine kwa mara ya kwanza mbele ya mtu. "Hiyo ilikuwa yake. Aliipenda mno. Kila mwaka nilimwambia atafute nyingine, akasema hii bado ina maisha."

Kisha akafunua chungu. Yalikuwa maharage ya kuoka, na kitunguu, na pilipili nyekundu. "Hayana mafuta ya nguruwe. Unafunga. Kula kabla hujaanguka."

Alikula amesimama, kijiko chake kikigonga chungu. Terka alimwelekeza fundo la nguzo ya sita na la nguzo ya tisa, ambalo alisema lina tabia mbaya. Kuhusu jinsi ya kukwepa tawi kwenye ya kumi na moja alieleza kwa kirefu, kwa mikono. Kuhusu kitu kingine hakusema lolote. Akachukua chungu chake akarudi nyumbani, na pazia likafungwa.

*

Saa kumi jioni, kama kawaida ya Desemba, giza lilikuwa linashuka. Toza alifunga fundo la kumi na nne, akateremka, akavuta kipande cha mwisho cha waya kutoka kwenye gurudumu. Akajikuta amesimama mbele ya lango lake mwenyewe, plagi mkononi.

Aliitazama plagi. Plagi ilimtazama.

Nusu ya mji ilikuwa imekusanyika, upande wa juu na upande wa chini. Kilabu kizima kilikuwa nje. Tijana alikuwa mbele na simu mkononi, na ile simu, kila mtu alijua, ndiyo ingeliita lori au kulizuia.

"Mzee Toza," alisema mwenye kilabu kwa upole wa kutisha, "umeibeba plagi mpaka nyumbani kama mbwa na mfupa."

Kicheko kilichofuata kilipanda barabara nzima hadi kanisani na kurudi.

"Babu," Tijana alinong'ona, "umeme si uko kule juu, kwa Bi Terka? Unaweza kuugeuza?"

"Kwa siku mbili, naweza."

"Leo ndiyo tarehe sita."

Toza aligeuka akatazama kule juu. Nyumba ya Bognar ilikuwa nyeusi: dirisha jeusi, pazia jeusi, na mlangoni mwanamke mwenye nguo nyeusi, amekunja mikono. Na hapo ndipo ilipompata, baada ya siku nzima ya kupanda na kushuka. Angelizitundika sawasawa, saa hii angekuwa amesimama pale, chini ya dirisha lile, mbele ya mji mzima, akiuomba msiba uwashe taa. Terka angekataa, taa zife. Au angekubali, aivunje ahadi aliyojiwekea kwa ajili ya Pišta. Toza hakuwa ameliwaza hilo hata mara moja.

Lakini Terka alikuwa ameliwaza. Mwanamke aliyejua kila kimsumari kilichopinda alikuwa nyuma ya pazia asubuhi, ncha isiyo na plagi ilipofungwa kwenye ndoano yake. Aliiona. Akaleta maharage, akafundisha mafundo, akanyamaza.

Toza alikohoa kama hakimu.

"Kwa taarifa yenu," aliwatangazia watu wa kilabu, "hivi ndivyo ilivyopangwa."

Hakuna aliyemwamini. Aliingia karakanani, akasukuma kando pampu ya upepo, akaingiza plagi ukutani chini ya picha ya Mtakatifu Nikola, ambaye sikukuu yake ilikuwa bado siku kumi na tatu, na akamwomba radhi kwa sauti ndogo.

Nje watu walisema "Aaa," kama walivyosema mwaka themanini na sita.

Alipotoka, barabara ilikuwa imewaka kutoka kwake kwenda juu. Balbu tisa zilikufa pale pale na moja ilikonyeza. Nyekundu zilikuwa zimefifia zikawa na rangi ya mashavu ya mtu aliyetoka baridini. Kijani kilikuwa kile kile cha baiskeli ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Mwanamume mmoja mwenye mvi za mapema, aliyerudi juzi kutoka Austria kumuuguza mama yake, alisimama chini ya nguzo ya saba akiinua uso. "Ile nyekundu," alimwambia mama yake, aliyemwegemea mkono. "Bado ipo." Kule mwisho kabisa nuru iliishia hatua moja kabla ya dirisha la Bognar, na nyumba ikabaki na giza lake, kama ilivyotaka.

Tijana aliongea kwenye simu kwa maneno machache. "Mwaka huu lori haliji," alimwambia Toza baadaye. "Mwaka huu tu, babu. Mwakani sijui."

"Mwakani kwa tarehe ipi?"

"Usianze."

Toza alipanda barabara polepole chini ya taa, mikono mgongoni. Hakuwahi kutembea chini yake siku ya kwanza. Alimkuta Terka bado mlangoni.

"Umezitundika kinyume, punda wee," alisema Terka. "Pišta angecheka mpaka Pasaka."

"Ungeniambia asubuhi."

"Ningekuambia nini? Mimi nina msiba. Mambo ya mapambo hayanihusu." Alizitazama taa kwa muda mrefu. "Januari nitashusha mimi."

"Na msiba?"

"Kushusha si kupamba, shemeji. Hata padri atakubali. Wa kwetu au wa kwenu."

Toza alilipima jambo hilo kisheria, akaona halina ufa. Akarudi karakanani, akatafuta chupa nzuri ya mvinyo na kipande cha karatasi, akakaa muda na penseli mdomoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwandikia mshushaji. Alipomaliza alipanda tena hadi juu, akaining'iniza chupa kwenye ndoano kando ya dirisha lenye pazia, mahali ambapo asubuhi mtu angeikuta.

"Shemeji," ilisema karatasi, "usizichelewashe sana. Kuku watatagia."